Faili yako ikizuiwa kwa imeli, usikimbilie kuzima ulinzi

Ukishuka matatu Kwa Vonza, ukitoka Wamunyu kuelekea mji wa Kitui, kitu cha kwanza kukupokea ni vumbi. Cha pili ni watu wa boda wakikuuliza kama unaingia chuo. Cha tatu ni mabango ya saiba: KRA, HELB, eCitizen, good conduct, kuskani, kuchapisha. Hapa ndipo ilipo kampasi kuu ya SEKU, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Palipo na makomredi pana saiba, na palipo na saiba pana foleni.

Nilifanya kazi katika mojawapo ya hizo saiba kwa miezi 14. Sikuwa komredi wa SEKU, usinitafute kwa orodha yao. Nilikuwa koleji nyingine, Nairobi, karo ikanishinda mwaka wa pili nikaacha. Shangazi yangu anaishi huku, akaniambia njoo, kuna mtu anatafuta kijana anayejua kompyuta. Nikaja na begi moja. Nilichojifunza kuhusu usalama wa mtandao nilikisoma nyuma ya ile kaunta, na sehemu kubwa yake nilijifunza kwa kukosea.

Hebu nikuulize. Umewahi kukaa mbele ya skrini saa kumi na nusu jioni, tangazo la kazi linasema mwisho ni saa kumi na moja, unabonyeza kutuma, halafu mstari mwekundu unakuambia faili yako imezuiwa kwa sababu za kiusalama? Kama bado, shukuru. Kama umewahi, unajua vile tumbo hukatika. Umelipa kuskani, umelipa boda, umenyimwa na mashine usiyoiona.

Na unajua kinachofuata. Unamwita mtu wa saiba. Anabofya hapa na pale, anazima kitu, anasema "jaribu tena." Ikipita, wote mnafurahi. Hakuna anayeuliza ni nini kilizimwa, wala kama kitawashwa tena.

Mimi ndiye niliyekuwa huyo mtu wa saiba. Kwa hivyo nianze na langu.

Siku niliyozima ulinzi

Jamaa mmoja alikuja asubuhi akiwa na furaha ya ajabu. Alikuwa amemaliza chuo miaka miwili iliyopita, ametuma maombi mpaka akasahau idadi. Usiku ule alikuwa amepata barua pepe: pongezi, umechaguliwa, fungua faili iliyoambatishwa usome masharti ya kazi. Faili yenyewe ilikuwa zip, imefungwa kwa paswadi, na paswadi ilikuwa imeandikwa kwenye barua ileile.

Akaipakua, akaifungua, ikatoweka. Ilani ikatokea pembeni ya skrini kwamba kuna kitu cha hatari kimeondolewa. Akajaribu tena, vilevile. Akanigeukia na uso ambao sitausahau. "Boss, nisaidie. Hii ni kazi."

Nikazima ulinzi wa Windows, nikamfungulia. Faili ikafunguka, kisanduku cheusi kikapita kwa nukta moja, basi. Hakukuwa na barua wala masharti. Tukadhani faili ni mbovu. Akaandika kuomba watume nyingine, hawakujibu kamwe. Mimi nikaendelea na foleni, nikasahau kuwasha ulinzi. Ulikaa umezimwa karibu wiki mbili.

Ndani ya hizo wiki mbili, wateja watatu waliotumia mashine ileile walikuja kulalamika kwamba akaunti zao zinafanya mambo ya ajabu. Mmoja wao, msichana wa mwaka wa nne, alipoteza barua pepe yake kabisa. Paswadi ilikuwa imebadilishwa, namba ya simu ya kurejesha pia. Siwezi kukuapia kwamba ni ile faili. Lakini nilipoifungua ile mashine na kukuta ulinzi bado umezimwa, nilijua ni nani aliyeacha mlango wazi.

Fikiria alichopoteza. Imeli ile ndiyo alikuwa ameandika kwenye kila ombi la atachimenti, lile neno tunalotumia kwa mafunzo kazini, na kwenye kila ombi la kazi alilowahi kutuma. Ndiyo iliyosajili HELB na KRA yake. Kama kuna ofisi ilimwita kwa mahojiano mwezi ule, mwito uliingia kwa sanduku ambalo sasa lina mwenyewe mwingine. Kwa kijana anayetafuta kazi, barua pepe ni kama anwani ya nyumbani. Yeye alihamishwa bila kuambiwa, na aliyemhamisha anaweza kuendelea kujibu kwa jina lake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuona ile ilani kama adui. Faili ikizuiwa, kuna kitu unaambiwa. Kazi yako ya kwanza ni kukisoma.

Mbona inazuiwa?

Kwa kawaida kuna sababu tatu, na kila moja ina dawa yake. Watu hukosea kwa kutibu zote kwa dawa moja, yaani kuzima kila kitu.

Sababu ya kwanza ni uzito. Gmail inakubali viambatisho vya jumla ya MB 25 kwa barua moja. Lakini kuna siri ndogo hapo. Faili ikisafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa maandishi kwanza, na uzito wake huongezeka kwa kama theluthi moja. Kwa hivyo faili ya MB 20 inaweza kugonga ukuta ingawa unaona bado una nafasi. Isitoshe, seva za ofisi nyingi zina kikomo cha chini zaidi. Yako inaweza kutoka vizuri, ikafika kule ikarudishwa, na wewe ushaondoka saiba ukienda kula muthokoi ukijua umemaliza. Ile barua ya kurudishwa huwa inakungoja kwa sanduku lako. Ni wangapi huingia tena kuangalia?

Sababu ya pili ni aina ya faili. Gmail hairuhusu kabisa aina fulani: .exe, .bat, .vbs, .jar, .apk, .iso na nyingine nyingi. Tangu Februari 2017 iliongeza .js kwenye orodha. Na hata ukizificha ndani ya zip, inachungulia ndani na kuziona. Hapa ndipo makomredi wa kompyuta huumia. Umejenga tovuti ya mradi wako wa mwisho, umeifunga kwa zip umtumie msimamizi wako, na kwa sababu kila tovuti ya kisasa ina faili za .js, barua inakataa kwenda. Hujafanya kosa lolote. Mashine haijui mradi wako, inajua tu kwamba aina hiyo ya faili inaweza kuendesha amri kwenye kompyuta ya mwingine.

Sababu ya tatu iko upande wa anayepokea. Kompyuta yake, au ya saiba, inaona faili imetoka mtandaoni, inaitia alama, na inakataa kuifungua kikamilifu. Word inaifungua kwa hali ya kusoma tu. Excel inakataa kuendesha makro, yaani zile amri ndogo zinazofanya karatasi ijihesabie yenyewe.

Ukijua ni sababu gani kati ya hizo tatu, nusu ya shida imekwisha.

Ilianza na barua ya mapenzi

Masharti haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 4 Mei 2000, watu ulimwenguni walianza kupokea barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU. Ndani yake kulikuwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa inaficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hivyo wengi waliona .TXT tu, wakadhani ni maandishi ya kawaida. Nani hataki kujua ni nani anampenda? Wakabofya. Programu ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya anwani zao, na ikaharibu picha na faili nyingine. Mamilioni ya kompyuta yaliathirika. Mpaka bunge la Uingereza na Pentagon ya Marekani walilazimika kuzima mifumo yao ya barua.

Aliyeitengeneza ni Onel de Guzman, mwanafunzi wa kompyuta jijini Manila, Ufilipino. Koleji yake ilikuwa imekataa mradi wake wa mwisho kwa sababu ulihusu kuiba paswadi za watu ili wasio na pesa watumie intaneti bure. Hakufungwa, kwa sababu wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa kama hilo. Miaka 20 baadaye mwandishi Geoff White wa Uingereza alimpata kwenye kibanda cha kutengeneza simu Manila, na jamaa akakubali kwamba ni yeye. Alisema alitaka paswadi za watu kwa sababu hakuweza kulipia intaneti.

Nikisoma hadithi hiyo huwa sijui nicheke au ninyamaze. Kijana bila chapaa, koleji imemkataa, bando imemshinda. Mimi na yeye tunafanana kwa mengi. Lakini matokeo ya alichofanya ndiyo yanayokuzuia wewe leo pale Kwa Vonza. Mwezi wa Juni mwaka huohuo wa 2000, Microsoft ilitoa mabadiliko ya Outlook yaliyozuia viambatisho vya aina hiyo. Orodha ya faili zilizopigwa marufuku imekuwa ikirefuka tangu hapo.

Kumbuka pia kwamba ile hila haijabadilika. Barua ya mapenzi imegeuka kuwa barua ya kazi. Mwaka 2000 walitafuta moyo wako. Sasa wanatafuta njaa yako.

Hata serikalini walibofya

Usidhani ni vijana wa saiba pekee wanaonaswa. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi waliohusishwa na China walikuwa wamelenga wizara na idara za serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa, wakitafuta habari kuhusu madeni ya nchi. Kulingana na ripoti hiyo, mwanya mmoja ulifunguka mwishoni mwa 2019 pale mfanyakazi mmoja alipopakua hati iliyokuwa na sumu bila kujua. China ilikanusha. Serikali ya Kenya nayo ilipuuza ripoti hiyo.

Amini upande unaotaka. Linalonivutia mimi ni njia iliyotajwa. Hakuna aliyevunja ukuta. Ni hati moja, mtu mmoja, kubofya mara moja. Kama mtu mwenye ofisi, idara nzima ya kompyuta na mshahara wa kila mwezi anaweza kunaswa hivyo, je, komredi aliyekaa kwa mashine ya shilingi moja kwa dakika?

Kenya ina sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Anayekuhadaa kwa ujumbe wa uongo ili umpe siri zako anaweza kutozwa hadi shilingi 300,000 au afungwe hadi miaka mitatu. Vizuri. Lakini yule msichana hakuwahi kujua jina la aliyemwibia, na mimi sijui ningempeleka kituo gani nikamshtaki nani. Sheria huja baada ya maji kumwagika. Yale maonyo ya skrini ndiyo yanayokuja kabla.

Fumbo la mwezi wa Juni

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike makala haya.

Kila mwaka mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA ni Juni 30. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Wasio na mapato hubofya tu mtandaoni wakamaliza. Lakini kwa miaka mingi, mwenye biashara ndogo au mapato ya aina mbalimbali amekuwa akipakua karatasi ya Excel kutoka iTax, anaijaza, anaipakia tena. Na karatasi hiyo haifanyi kazi bila makro. Maelezo yenyewe yanakuagiza uwashe makro.

Upande wa pili, Februari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba Office itaanza kuzuia makro za faili zote zilizotoka mtandaoni. Julai mwaka huo ilisitisha kwa muda baada ya watumiaji kulalamika, kisha ikaendelea mwezi huohuo. Sababu yake ilikuwa wazi: kwa miaka mingi makro ndizo zimekuwa njia ya wahalifu kuingiza sumu kupitia Word na Excel.

Umeona mkanganyiko? Anayetengeneza programu anakuambia usiwashe makro. Anayekudai kodi anakuambia washa. Wote wawili wana sababu zao. Katikati yao kuna mama wa duka la Kwa Vonza, mtu wa boda aliyesajili biashara, na kijana wa saiba mwenye foleni ya watu 20 tarehe 29 Juni. Kijana anafanya nini? Anaingia kwenye setingi za Excel, anachagua makro zote ziruhusiwe, za kila faili, milele. Foleni inasonga. Julai inafika, KRA imepata ritani zake, na ile kompyuta inabaki mlango wazi mwaka mzima.

Sisemi KRA inataka watu waibiwe. Ninachosema ni kwamba taasisi ya umma ikimfundisha raia kwamba kuwasha makro ni jambo la kawaida, raia huyo akitumiwa "fomu ya kodi" na mwizi atawasha pia. Tabia haichagui mtumaji. Na inayolipa gharama si ile taasisi, ni yule mwenye akaunti.

Ongeza na hali ya mashine zetu. Kompyuta nyingi za saiba ni zile za ex-UK, zimezeeka. Microsoft iliacha kuipa Windows 7 marekebisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Halafu kuna flashi. Kila aliyepitia saiba anajua ule ugonjwa wa flashi ambapo faili zako zote zinageuka kuwa shortcut. Na kuna jambo wengi hawajui: ile alama inayosema faili imetoka mtandaoni hupotea faili ikipitia flashi nyingi za kawaida. Ndiyo maana faili iliyokataa kwenye mashine moja inafunguka vizuri kwenye nyingine, na watu wanasema "hii mashine ni poa." Si poa. Haijui faili imetoka wapi.

Basi ufanye nini?

Nakupa nilichokuwa nikiwafanyia wateja wangu miezi ya mwisho, baada ya akili kunirudi.

Kama shida ni uzito, punguza wakati wa kuskani. Cheti cha maandishi hakihitaji kuskaniwa kama picha ya harusi. Mwambie mtu wa saiba akuwekee dpi 200, rangi ya kijivu badala ya rangi kamili, na aunganishe kurasa zote kwenye PDF moja. Mara nyingi CV, kitambulisho, vyeti na barua ya maombi vitatosha ndani ya MB chache.

Kama unatumia kiungo cha Google Drive, hakikisha umekifungua kwa yule unayemtumia. Hili limeua ndoto nyingi. Mtu wa ofisi anabofya kiungo chako, anaambiwa aombe ruhusa, na yeye ana maombi mengine 400 ya kusoma. Hataomba. Kabla hujatuma, fungua kiungo hicho kwa dirisha la faragha la brauza uone kama kinafunguka bila akaunti yako. Kazi ikiisha, funga ruhusa tena, kwa sababu hapo ndani kuna kitambulisho chako.

Kama shida ni aina ya faili, usibadilishe jina kutoka .js kuwa .txt ukidhani umeshinda. Hivyo ndivyo wahalifu hufanya, na unamfundisha msimamizi wako kufungua faili zilizojificha. Weka mradi wako GitHub au kwenye Drive, utume kiungo. Barua za kawaida tuma kama PDF.

Kama umepokea faili na imezuiwa, jiulize maswali matatu. Nilikuwa nikiitarajia? Anwani ya aliyetuma ni ya ofisi hiyo kweli, ama ni Gmail yenye jina la ofisi? Na mbona imefungwa kwa paswadi ambayo imeandikwa palepale? Angalia vile M-Pesa hufanya: taarifa ya miamala inakuja kwa imeli ikiwa imefungwa, lakini msimbo wa kuifungua unakuja kwa SMS. Njia mbili tofauti. Anayekuletea kufuli na ufunguo kwa bahasha moja hakulindi wewe. Anaificha faili isikaguliwe njiani.

Ukiwa na shaka, piga simu. Tafuta namba kwenye tovuti ya ofisi hiyo, usitumie ile iliyo kwenye barua. Dakika mbili za simu hazifiki bei ya kuskani cheti kimoja. Mwajiri wa kweli hatakasirika.

Kwa faili ya KRA, usiruhusu makro zote. Hakikisha wewe mwenyewe umeipakua kutoka itax.kra.go.ke, si kwa mtu aliyekutumia WhatsApp. Kisha bofya faili hiyo kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, chini kabisa utaona kisanduku cha Unblock. Tia alama, basi. Umeiruhusu faili moja tu, na zingine zote bado zimezuiwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kumfungulia mgeni mlango na kung'oa mlango.

Kwenye Windows, washa pia "File name extensions" kwenye menyu ya View, uone herufi za mwisho za kila faili. Barua ya kazi inayoishia na .exe au .iso si barua.

Na kwa akaunti yako, washa uthibitisho wa hatua mbili leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Ukiwa saiba, tumia dirisha la faragha, ukimaliza toka kwenye akaunti. Usikubali brauza ihifadhi paswadi. Na tafadhali, usimpe mtu wa saiba paswadi yako aiandike kwa daftari. Tulikuwa na daftari kama hilo. Majina, PIN za KRA, paswadi, zote kwa kalamu ya bluu, kitabu kikikaa juu ya kaunta. Hakuna mdukuzi aliyehitaji makro kwa hapo.

Ofisi nazo zijiangalie

Haya yote nimekutwika wewe, na si haki yawe yako peke yako. Anayeweka tangazo la kazi aandike waziwazi: PDF moja, isiyozidi MB kadhaa, na jibu la kiotomatiki kwamba maombi yamefika. Jambo dogo hilo lingeokoa watu wengi kuliko semina kumi za ajira kwa vijana. Taasisi za umma ziache fomu zinazohitaji makro na kuhamisha kila kitu kwenye kurasa za tovuti zenyewe. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ofisi inayokusanya vitambulisho na vyeti vyetu ina wajibu wa kuvilinda. Isituambie tutume kila kitu kwa Gmail ya mtu binafsi.

Wenye saiba pia, ndugu zangu. Mashine moja iliyolindwa inatosha kwa kazi za akaunti za watu. Zingine ziwe za kuchapisha na kuskani.

Yule msichana alirudi wiki moja baadaye kufungua barua pepe mpya. Tulikaa pamoja kwa saa mbili tukiandika kwa kila ofisi aliyokuwa ametuma maombi, moja baada ya nyingine: samahani, anwani yangu imebadilika, tafadhali tumieni hii. Zilikuwa ofisi 31. Sikumtoza. Zingine zilijibu, nyingi hazikujibu. Alipomaliza aliniuliza kama sasa iko salama.

Nikamwonyesha hatua mbili alizowasha. Nikamwonyesha ulinzi wa mashine, umewashwa. Halafu nikachukua lile daftari la kaunta, nikararua kurasa zote mbele yake, nikazitia ndani ya jiko la muuza mahindi aliyekuwa nje. Mwenye saiba alinigombeza jioni yote. Wateja wenyewe, wengi wao, walikuwa wamesahau paswadi zao.

Ilibidi wajifunze kuzikumbuka.